Gonjwa Likifunga Wodi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Anayekaa Kibarani

Unasoma uuguzi na umepanga chumba Kibarani kwa sababu kodi ya huku unaimudu. Kila asubuhi una njia mbili: uvuke Makupa uingie kisiwani hadi Hospitali Kuu ya Pwani, au upande kuelekea Changamwe hadi Port Reitz. Mwongozo huu ni wako. Nimeuandika kwa ajili ya siku ambayo gonjwa la kuambukiza litafunga chuo, litapunguza matatu, litageuza wodi uliyokuwa ukijifunzia kuwa ya kutenga wagonjwa, kisha likuache chumbani na daftari. Siku hiyo tuliiona 2020. Na wewe unaishi kati ya bandari na barabara kuu ya Nairobi, mahali ambapo magonjwa ya mbali hufika mapema. Mafua makali ya 1918 yaliingia Kenya kwa bandari hii hii ya Mombasa.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Gonjwa halimnyimi mwanafunzi wa uuguzi vitabu, linamnyima wagonjwa. Somo la moyo na mapafu laweza kukufikia kwa simu. Lakini kuutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji mwilini, au kumtuliza mama anayezaa mara ya kwanza saa nane za usiku, hakuna simu itakayokufundisha. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya wakati huo ulinde vitu vitatu: uhai wako, saa zako za wodini, na wepesi wa mikono yako. Uhai ndio wa kwanza, wala usikubali mtu yeyote akubadilishie mpangilio huo.

Una wiki moja tu

Tazama tarehe zilivyofuatana. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule na vyuo vifungwe, na vyuo vya juu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 viwe vimebaki vitupu. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni hiyo hiyo watu waliokuwa wakiwahi feri ya Likoni wakapigwa virungu na kurushiwa gesi ya machozi. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungiwa mipaka. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kuwa hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, amri iliyodumu hadi mwanzoni mwa Juni. Mipaka ya Mombasa ilifunguliwa Julai, lakini kafyu yenyewe haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Kutoka mgonjwa wa kwanza hadi mabweni kufungwa zilipita siku saba. Hizo ndizo siku zako. Ukisikia mgonjwa wa kwanza ametangazwa, usingoje chuo kikutumie ujumbe. Nenda hospitali siku inayofuata na kitabu chako cha mazoezi ya wodini, kile mnachokiita logibuku, ukatafute kila sahihi unayodai.

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoumia. Mazoea ni kufanya kazi kwanza na kudai sahihi mwisho wa rotesheni. Umefunga vidonda, umeweka mipira ya mkojo, umesaidia kuzalisha, na ukurasa bado mweupe kwa sababu sista wa zamu alikuwa na haraka na wewe ukaona haya kumsumbua. Gonjwa likiingia, sista huyo huhamishiwa wodi ya kutenga wagonjwa, au anaugua, au anagoma. Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma nchini, mgomo ukaingia hadi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, 2017, wauguzi wa umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Mwanafunzi aliyekuwa na kazi isiyotiwa sahihi nyakati hizo hakuwa na wa kumwendea, na kazi isiyo na sahihi mbele ya Baraza la Wauguzi la Kenya ni kama haikufanyika.

Kwa hiyo kila mstari ukamilike siku ile ile: tarehe, wodi, nambari ya mgonjwa kwenye rejista badala ya jina lake, tendo lenyewe, na kama ulitazama tu, ulisaidia, au ulitenda mwenyewe chini ya usimamizi. Kisha jina kamili la aliyekusimamia, sahihi yake, na muhuri ikiwa wodi inao. Sahihi isiyo na jina haisomeki mwaka mmoja baadaye. Kila Ijumaa piga picha kurasa za wiki hiyo ujitumie kwa barua pepe, maana chumba cha mabati huvuja na daftari hulowa. Hakikisha picha haina jina la mgonjwa wala uso wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe pia, hata kama hujahitimu.

Katika wiki hiyo hiyo omba chuoni barua ya utambulisho yenye tarehe, muhuri, na nambari ya simu ya ofisi inayopokelewa. Kafyu iliwaruhusu watoa huduma muhimu kupita, lakini polisi aliyesimama kizuizini usiku hajui tofauti ya mwanafunzi na mpita njia asipoonyeshwa karatasi. Usiibebe barua yenyewe kila siku. Toa nakala, ile asili iache nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni.

Kuhusu chanjo, usingoje gonjwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huchomwa mara tatu kwa utaratibu wa kawaida: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Hakuna njia ya kuibana ndani ya wiki moja, na wodi iliyozidiwa ndiyo wodi ambapo sindano humchoma mtu kidole. Chanjo za kwanza za korona zilifika Kenya mwanzoni mwa Machi 2021, karibu mwaka mzima baada ya mgonjwa wa kwanza, wahudumu wa afya wakawekwa mbele. Orodha zikianza kuandikwa, uliza waziwazi kama wanafunzi walio wodini wamo. Usidhani umo.

Chumbani, bila wodi

Chuo kikihamia kwenye simu, shida ya kwanza ni bando na ya pili ni kelele. Nyumba za Kibarani zimebanana, malori ya makontena hayalali, na watoto wa jirani wako nyumbani kwa kuwa shule zao nazo zimefungwa. Pakua masomo usiku wa manane au alfajiri, uyasikilize baadaye bila intaneti. Waombe walimu wako watume sauti na maandishi badala ya video. Wengi hawakatai wakielezwa kuwa darasa zima linasoma kwa bando la siku. Wanafunzi watatu au wanne mnaokaa karibu mwaweza kununua bando kubwa moja mkagawana, mradi mkae nje, barazani, mkiwa mmeachana nafasi.

Lakini kazi kubwa ya chumbani ni kuizuia mikono isisahau. Kuna mambo manne unayoweza kuyafanya vizuri bila wodi, nayo ndiyo ningeyapa muda.

La kwanza ni kuhesabu pumzi. Wahudumu wengi huhesabu kwa sekunde kumi na tano kisha wakazidisha kwa nne, na hapo ndipo nimonia ya mtoto inapopita bila kuonekana. Mtoto hapumui kwa mpigo mmoja. Mhesabu mdogo wako akiwa amelala, dakika nzima, ukitazama tumbo, saa mkononi. Rudia mpaka hesabu zako mbili zisipishane sana. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani iwe kichwani: kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi, kuanzia miezi miwili hadi kumi na mmoja, 50, mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40.

La pili ni hesabu za dripu. Chupa ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20 upate matone 20,000. Gawanya kwa dakika 480. Jibu ni 41.67, unaweka matone 42 kwa dakika. Kwa mrija wa watoto wa matone 60 kwa mililita, idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, kwa hiyo ukiandikiwa mililita 30 kwa saa, unahesabu matone 30. Jitungie hesabu tano kila siku, umpe mwenzako asahihishe. Ukirudi wodini utakuta wagonjwa wengi na wauguzi wachache, na hapatakuwa na wa kukusahihishia.

La tatu ni chati ya uchungu wa uzazi. Chukua visa vya zamani kutoka vitabuni, uchore mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mtoto kuzaliwa. Kumbuka kuwa miongozo hubadilika hata wakati wa gonjwa: Desemba 2020, katikati ya korona, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, ambao huanza kuhesabu uchungu wa kasi njia ikifunguka sentimita 5, ilhali chati ya zamani ilianza kwa 4. Aliyefungiwa nyumbani na kitabu cha zamani alirudi akiwa na namba ya zamani. Ukirudi, swali lako la kwanza katika wodi ya wazazi liwe: hapa mnatumia karatasi gani?

La nne ni kuvaa na kuvua vifaa vya kinga, nitalieleza hapa chini.

Na jambo moja usilifanye. Jirani atakuja usiku na sindano aliyoinunua duka la dawa akuombe umchome mamake, kwa kuwa hospitali imejaa na wewe “ni nesi”. Wewe bado ni mwanafunzi. Mpime joto, mhesabu pumzi, mwangalie kama anaelewa anachosema, kisha msaidie kufika kituo cha afya. Kumtambua mgonjwa anayehitaji kupelekwa sasa hivi, na kumsindikiza hadi barabarani, ni msaada mkubwa, tena ni uuguzi hasa.

Ukiitwa kuingia wodini

Nchi huchukua njia tofauti. Uingereza, masika ya 2020, wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kuchagua kufanya mazoezi marefu hospitalini kwa malipo. Hapa kwetu chuo kilifungwa na mwanafunzi akarudishwa kwao. Njia zote mbili zina gharama. Aliyeingia alihatarisha mwili wake, aliyerudi nyumbani alipoteza miezi ya wodi. Kwa vile mara ijayo waweza kuitwa, jua la kuuliza kabla ya kusema ndiyo.

Nikwambie kwa nini nasisitiza. Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Katika hospitali ya Lacor, miongoni mwa waliokufa mapema walikuwa wanafunzi wa uuguzi, waliowahudumia wagonjwa kabla mtu yeyote hajajua ugonjwa ni upi. Vifo vyao ndivyo vilivyomfanya Dkt. Matthew Lukwiya aitwe haraka arudi kutoka Kampala. Aliwapanga wahudumu wake, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa, akafanya kazi humo hadi naye akaambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Mlipuko ule uliua watu 224. Mwanafunzi ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko wote. Ndiye anayetumwa kubadilisha shuka, kumwosha, kumlisha. Ikiwa hakuna aliyemfundisha kujikinga, anatangulia kuambukizwa kabla ya daktari.

Uliza basi, na uliza kwa maandishi. Nani atanisimamia kwa jina, kila zamu? Nitapewa vifaa vya kinga vya kutosha zamu nzima, au barakoa moja ya siku tatu? Nikiugua, nani analipa matibabu, na chuo kitanihesabiaje siku hizo? Saa hizi zitaingia kwenye kitabu changu kama mazoezi? Na je, naingia kama mwanafunzi anayefundishwa, au kujaza nafasi ya muuguzi aliyekosekana? Ukikosa jibu la swali la usimamizi au la vifaa, usiingie. Si woga huo. Ni miiko ya kazi uliyoichagua.

Ukiingia, jua kwamba hatari kubwa iko kwenye kuvua, si kwenye kuvaa. Unapovaa wewe ni safi na huna haraka. Unapovua umechoka, una jasho la Mombasa hadi kwenye nyusi, na kila kilicho nje yako kimeguswa na ugonjwa. Fuata mpangilio uliobandikwa ukutani katika hospitali yako. Wa kawaida ni huu: glavu kwanza, safisha mikono, gauni, ukiliviringisha upande wa nje uingie ndani, safisha mikono, miwani, ukiishika kwa nyuma, barakoa ya mwisho kabisa, nje ya chumba cha mgonjwa, kwa kamba za nyuma bila kugusa mbele, safisha mikono tena. Asiwepo anayevua peke yake. Mwenzako asimame mbele yako akisoma hatua kwa sauti, na akikwambia “simama,” usimame. Jizoezeni haya chumbani kwa koti la mvua na glavu za kuoshea vyombo. Pakeni rangi ya chakula kwenye glavu, mvue, kisha mtazame imewapaka wapi. Utashangaa ilivyo shingoni.

Kwa wadada wanaovaa hijabu, vaeni ile fupi inayobana, iingie yote ndani ya gauni, na kitambaa kisikae hata kidogo kati ya ukingo wa barakoa ya N95 na ngozi ya shavu, maana hapo ndipo hewa hupita. Kwa kaka wenye ndevu shida ni hiyo hiyo. Barakoa haishiki juu ya ndevu. Zungumza na msimamizi mapema kuhusu kinga nyingine au wodi nyingine.

Dawa ya kuulia vijidudu mtaambiwa mchanganye wenyewe, kwa Jik. Soma asilimia kwenye chupa, gawanya kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Chupa ya asilimia 3.5, ukitaka 0.5 kwa damu na majimaji ya mwili: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa moja, sehemu 6 za maji kwa sehemu moja ya Jik. Ukitaka 0.1 kwa meza na vitasa vya milango, sehemu 34 za maji. Changanya upya kila siku, mahali penye hewa, na kamwe usiitie kwenye chombo chenye asidi ya kuoshea choo. Gesi inayotoka huunguza mapafu.

Njiani na nyumbani

Usipande matatu na sare. Badili nguo hospitalini, sare iingie ndani ya mfuko unaofungika, ikifika nyumbani iloweke peke yake kwa maji moto na sabuni. Viatu vya wodini visiingie chumbani. Najua maji Kibarani hununuliwa kwa mtungi, na mtungi mmoja unapikia, unaogea na unafulia. Tenga lita chache za mikono na sare kabla ya matumizi mengine, na mlangoni tundika kibuyu chirizi ili wote wa uani wanawe kabla hawajashika bomba la choo cha pamoja.

Panga na nauli. 2020 matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Zamu ikiisha saa kumi na mbili na nusu jioni na kafyu ni saa moja, huwezi kufika. Mweleze msimamizi mapema zamu zenu zibadilishwe mlale huko au mtoke saa kumi, jambo ambalo ni rahisi zaidi mkiliomba kwa pamoja.

Mtaani watu watakuogopa. Wengine watasema unawaletea ugonjwa. Mji wa Kale ulipofungwa, wakazi wengi walikataa kupimwa, kwa hofu ya kupelekwa karantini kwa gharama yao na kuzikwa bila heshima za dini. Hofu ile haikutulizwa kwa matangazo ya Nairobi. Wewe unazungumza lugha ya mtaa na unajulikana kwa mama yako na nyanya yako. Ukiulizwa, jibu unachokijua, sema usichokijua, na usikitangaze kamwe kisa cha mgonjwa uliyemwona wodini, hata kwa dada yako wa kuzaliwa. Siri moja ikitoka, mtaa mzima utafunga milango. Ukiweza, mwendee imamu au mzee wa mtaa kwanza, ukiongozana na mhudumu wa afya ya jamii, badala ya kwenda nyumba kwa nyumba peke yako.

Na usiku ukikosa usingizi kwa yale uliyoyaona, usinyamaze. Mwambie mwalimu wako au mwenzako wa zamu. Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, na kwenda kule hakukuondolei sifa ya uuguzi.

Karo, kwa ufupi: muhula ukirefuka, kodi na chakula vinarefuka pia. Kama una mkopo wa HELB, uliza kwa maandishi kama malipo yataendelea chuo kikifungwa, na urejeshaji utaanza lini ikiwa kuhitimu kumesogezwa. Mwenye nyumba mwendee mwanzoni mwa mwezi, kabla deni halijawa kubwa.

Siku ya kurudi

Vyuo vilipofunguliwa tena 2020 vilifunguliwa kwa awamu, na wodi zikapokea makundi mawili au matatu kwa mkupuo, wote wakitafuta mama wale wale wa kuzalisha. Ukirudi, keti na mwalimu wako wa kliniki wiki ya kwanza mfungue kitabu pamoja. Kipi kimekamilika, kipi kimebaki, na ni wodi ipi ina wagonjwa wa hicho kilichobaki? Kama Hospitali Kuu ya Pwani imejaa wanafunzi, omba zahanati na vituo vidogo, ambako mwanafunzi ni mmoja na mama wajawazito ni wengi. Kliniki ya mama na mtoto ya asubuhi moja huko yaweza kukupa kazi ya wiki nzima ya hospitali kubwa.

Usikubali kusainiwa kazi ambayo hukuifanya, hata mwalimu akikuonea huruma kwa miezi uliyopoteza. Anayekuja kuzaa mwaka ujao hatajua kwamba darasa lako lilisoma wakati wa korona. Omba muda uongezwe, hata kama wenzako watakutangulia kuhitimu, kisha siku ya kwanza wodini mwambie sista wa zamu waziwazi: hiki nimekiona, hiki nimesaidia, hiki sijawahi kukigusa, naomba leo unisimamie.